Chombo Kipya Darasani: Faida na Taabu za Teknolojia katika Shule za Gungu na Mwambao wa Tanganyika

Miongoni mwa mambo yanayoushughulisha umma wa Tanzania kuhusu malezi ya watoto wake, suala la vyombo vipya vya mafunzo, yaani kompyuta, kishikwambi, projekta, runinga na intaneti, limekuja kwa nguvu kubwa na kwa haraka kubwa, hata yamkini wengi wamekwisha kulitolea hukumu kabla ya kulitafakari. Wapo wanaoamini kuwa darasa lisilo na kompyuta ni darasa lililokwisha kuachwa nyuma na dunia. Na wapo wanaoamini kuwa kila kioo kinachowaka mbele ya mtoto ni mlango wa kumpotezea adabu na akili. Kila upande una hoja, na insafu yataka zote zisikilizwe. Lakini mahali pa kuzipima ni mahali kama Gungu, katika Manispaa ya Kigoma Ujiji, ambako watoto wa wavuvi, wachuuzi, makuli wa bandari, watumishi wa reli na wakulima huketi bega kwa bega katika madarasa yaliyojaa, na ambako kila kitokacho Dar es Salaam kwa reli hufika baada ya mwendo wa kilomita 1,250 hivi. Jambo likifaa hapo, litafaa karibu kila pembe ya nchi.

Rai ninayoitetea katika uchambuzi huu ni moja: chombo cha mafunzo huikuza kazi ya mwalimu aliyetayarishwa, wala hakiwezi kuliziba pengo la mwalimu asiyekuwapo, kwa hiyo taifa linalotaka faida ya teknolojia halina budi kutanguliza mwalimu, lugha na matunzo, kisha ndipo lihesabu mashine.

Tuanze na historia, maana vyombo vya mafunzo si jambo geni katika mwambao huu. Ujiji, mji uliokua kwa misafara ya karne ya 19 na ambao jina lake lilienea duniani Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871, ulikuwa na vyuo vya Kurani kabla ya serikali yoyote ya kikoloni kufungua shule. Katika chuo cha namna hiyo, kama ilivyokuwa desturi katika nchi za Waswahili, mtoto alipewa ubao wa mti, kalamu ya unyasi na wino. Akaandika aya, akaisoma mbele ya mwalimu wake mpaka ikamkaa moyoni, kisha akauosha ubao aandike nyingine. Chombo kile kilikuwa hafifu kwa umbo, lakini kilikuwa na sifa mbili ambazo vyombo vingi vya leo havina: fundi yeyote wa mbao aliweza kukitengeneza, na mwalimu aliweza kumsikiliza kila mtoto mmoja mmoja na kumsahihisha papo hapo.

Baada ya uhuru, chombo kilichotukuzwa kuliko vyote kilikuwa redio. Redio Tanzania Dar es Salaam ilirusha vipindi vya shule, na katika elimu ya watu wazima ikawa uti wa mgongo wa kampeni ambazo wataalamu wa elimu duniani wangali wakizitaja: Wakati wa Furaha ya mwaka 1971, Mtu ni Afya ya mwaka 1973 na Chakula ni Uhai ya mwaka 1975. Katika Mtu ni Afya watu wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi vya kusoma, wakasikiliza redio, wakafungua vijitabu, wakajadiliana, kisha wakainuka kuchimba vyoo na kufyeka vichaka vilivyozunguka nyumba zao. Siri ya mafanikio hayo ilikuwa matayarisho. Kabla ya sauti ya kwanza kutoka redioni, viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walikuwa wamekwisha kufundishwa namna ya kuendesha mazungumzo na namna ya kuigeuza habari kuwa kazi. Redio ilizungumza kwa Kiswahili, ilizungumza habari za maisha ya wasikilizaji wenyewe, na ilimkuta mtu aliyetayarishwa kuipokea. Ninaiona kampeni ile kuwa somo kubwa kabisa la teknolojia katika historia ya elimu ya nchi hii, na inasikitisha kwamba wapangaji wa miradi ya leo huikumbuka kwa nadra.

Ama kompyuta, njia yake ilikuwa nyingine. Mwaka 1974 serikali ilizuia kuingizwa kwake nchini, baada ya jaribio la kuziweka hesabu za serikali katika mashine hizo kwenda mrama. Na runinga, ingawa Zanzibar ilikuwa nayo tangu miaka ya sabini, haikuanza kurushwa Tanzania Bara mpaka mwaka 1994. Sera ya kwanza ya taifa ya TEHAMA, yaani teknolojia ya habari na mawasiliano, ilitolewa mwaka 2003, na ile ya TEHAMA kwa elimu ya msingi mwaka 2007. Kwa hiyo walimu wengi wenye umri wa makamo wanaofundisha leo walimaliza shule bila ya kugusa kompyuta hata mara moja, na si haki kuwalaumu kwa kutojua jambo ambalo nchi yao wenyewe ililichelewesha.

Sasa tuzitazame faida, tena tuzitazame kwa moyo mweupe, maana zipo na ni kubwa.

Faida ya kwanza ni kumwonyesha mtoto kile ambacho macho yake hayawezi kukifikia. Mtoto wa Gungu huliona Ziwa Tanganyika tangu hajajua kutembea. Hula dagaa na migebuka yake. Husikia injini za maboti yaendayo na kurudi Kibirizi. Hata hivyo huona uso wa maji tu. Kwamba chini ya uso huo kuna kina cha mita 1,470, na kwamba ziwa hili ni la pili duniani kwa kina baada ya Baikal kwa sababu limelala ndani ya Bonde la Ufa lililopasuka kwa mamilioni ya miaka, ni mambo ambayo mwalimu mwenye chaki peke yake huyaeleza kwa taabu, ilhali picha inayotembea ukutani huyafunua kwa dakika chache. Ndivyo ilivyo kwa mapigo ya moyo, mzunguko wa damu, mwendo wa sayari na kazi za maabara. Shule nyingi za sekondari za kata zilifunguliwa bila maabara, na hata pale vyumba vilipojengwa, kemikali na vifaa vilibaki adimu. Mwanafunzi anayeona jaribio la kemia katika filamu hajapata haki yake yote, kwa kuwa mkono wake haujashika chupa, lakini amepata zaidi ya yule aliyekariri hatua za jaribio kutoka ubaoni.

Faida ya pili ni vitabu. Taasisi ya Elimu Tanzania imeviweka vitabu vya kiada katika maktaba yake ya mtandaoni, na kishikwambi kimoja kikivipakua vyote mara moja huwa kabati zima, hata pasipo intaneti baadaye. Katika vijiji vilivyo kaskazini ya mji, kama Mwamgongo na Kagunga, ambavyo huendewa kwa maji, shehena ya vitabu husubiri boti na hali ya ziwa. Hapo kabati lililo katika kiganja cha mwalimu si anasa. Kadhalika serikali ilipoamua mwaka 2022, baada ya Sensa ya Watu na Makazi, kuvigawa kwa walimu vishikwambi vilivyotumika katika kazi hiyo pamoja na vingine vilivyoongezwa, jumla yake ikikaribia 300,000, ilifanya tendo la busara, maana ilianza na mwalimu kabla ya mwanafunzi.

Faida ya tatu yawahusu watoto ambao darasa la kawaida huwasahau. Huko Kabanga, wilayani Kasulu, watoto wenye ualbino walipewa hifadhi wakati maisha yao yalipokuwa hatarini. Wengi wenye hali hiyo wana uoni hafifu, na herufi za ubaoni kwao ni ukungu mtupu. Kioo kinachoweza kuzikuza herufi mara nne au mara sita humpa mtoto wa namna hiyo nafasi ile ile aliyonayo mwenziwe wa dawati la mbele. Na programu inayosoma maandishi kwa sauti humfanyia vivyo hivyo asiyeona kabisa. Lau teknolojia isingekuwa na faida nyingine yoyote, hii moja ingetosha kuipa haki ya kuingia shuleni.

Faida ya nne ni uvumilivu wa mashine. Mwalimu mwenye wanafunzi themanini hawezi kumrudia mmoja silabi ile ile mara ishirini. Programu iliyotungwa vizuri yaweza, na haikasiriki. Ushahidi wa jambo hili ulipatikana katika nchi hii hii, mkoani Tanga, kati ya miaka 2017 na 2019, katika shindano la kimataifa liitwalo Global Learning XPRIZE. Watoto wapatao 2,700 wa vijiji zaidi ya 160, wengi wao wakiwa hawajapata kuingia shule, walipewa vishikwambi vyenye masomo ya Kiswahili ya kusoma, kuandika na kuhesabu, pamoja na vituo vya sola vya kuvichaji. Mwanzoni zaidi ya tisa katika kila kumi hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi kumi na mitano idadi hiyo ilipungua kwa nusu. Hayo ni mafanikio makubwa, na mwenye insafu hatayakanusha. Lakini asome pia nusu ya pili ya hesabu: baada ya muda wote huo na gharama yote hiyo, karibu nusu ya watoto hawakuweza bado kusoma neno moja. Chombo kiliwafikisha wengi mlangoni. Kuwaingiza wote ndani kulihitaji mtu.

Hapo tunaingia katika taabu, nazo hazihitaji kutiwa chumvi.

Ya kwanza ni umeme. Kwa miaka mingi Kigoma iliwaka kwa majenereta ya dizeli, mbali na gridi ya taifa, na ni katika miaka hii ya 2020 tu gridi ilipoanza kuufikia mkoa. Hata pale nguzo zilipofika mlangoni pa shule, bili ya umeme huja kila mwezi, na shule ya msingi isiyotoza ada huwa na fungu dogo la kuilipa. Gharama ya intaneti hufuata nyuma yake, na mara nyingi hulipwa na mwalimu kwa bando la mfuko wake mwenyewe. Ni dhuluma ya kimyakimya kumwachia mtumishi mwenye mshahara mdogo mzigo wa kuendesha sera ya serikali.

Taabu ya pili ni wingi wa watoto. Tangu elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016, madarasa yalifurika, na kufurika huko kwenyewe ni heri, kwa kuwa kila mtoto aliyeketi sakafuni ni mtoto aliyekuwa nje. Lakini kompyuta kumi katika darasa la watoto mia huwafanya kumi wajifunze na tisini watazame, na aghalabu hao kumi ni wale wale waliokwisha kushika simu janja ya baba nyumbani. Ndiyo maana katika shule za namna ya Gungu ninakiona chombo cha pamoja kuwa bora kuliko chombo cha mmoja mmoja: projekta moja na ukuta mweupe, au redio moja yenye sauti nzuri, huwatumikia wote kwa usawa na kwa gharama ya sehemu ndogo tu.

Taabu ya tatu ni lugha. Mtoto wetu husoma kwa Kiswahili katika shule ya msingi, kisha huvushwa ghafla kwenye Kiingereza katika sekondari. Na wengine katika vijiji vya mkoa huu huanza shule wakiwa na Kiha tu. Sehemu kubwa ya masomo yaliyo mtandaoni ni ya Kiingereza, yametungwa kwa watoto wa nchi nyingine, yenye mifano ya theluji na matunda tusiyoyajua. Mwanafunzi akiyatazama hufurahia rangi na kukosa maana. Kinyume chake, vipindi vya katuni vya Ubongo Kids, vilivyotungwa Dar es Salaam na kuanza kuonyeshwa mwaka 2014, vilipendwa na watoto wa mijini na vijijini kwa sababu hesabu na sayansi zilisemwa kwa Kiswahili cha watoto wenyewe. Hili halina budi kuwa fundisho la fedha pia: shilingi inayotumika kutunga somo zuri la Kiswahili hulifikia kila darasa la nchi, ilhali ile inayonunua kompyuta huishia katika chumba kimoja.

Taabu ya nne ni matunzo, na juu ya hili Kigoma ina shahidi wake mkubwa bandarini. Meli Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa mpaka Kigoma, ikaunganishwa na kushushwa majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Ikazamishwa mwaka 1916, ikaibuliwa mwaka 1924, na tangu mwaka 1927 ikawatumikia watu wa ziwa hili kwa miongo mingi, kwa sababu walikuwapo mafundi, karakana na moyo wa kuitengeneza. Kompyuta ya shule, iliyo changa kuliko meli hiyo kwa karne nzima, mara nyingi hufa kwa kukosa waya mmoja wa kuchajia au kwa vumbi lisilopanguswa, kisha hufungiwa katika chumba cha mwalimu mkuu ili isiibwe. Msaada usiokuja na fundi, vipuri na fungu la kila mwaka ni msaada nusu. Na wafadhili, pamoja na wema wao, inafaa waambiwe hivyo kwa heshima na uwazi.

Taabu ya tano yahusu adabu, usalama na uvivu wa akili. Wanafunzi wa shule zetu wamekatazwa kuwa na simu shuleni, na katika jambo hili Tanzania haiko peke yake, kwani Ufaransa ilipitisha sheria ya namna hiyo mwaka 2018. Hofu ya wazazi kuhusu picha chafu, matapeli na kamari za simuni ni hofu ya haki. Juu yake umeongezeka wasiwasi wa faragha: uchunguzi wa Human Rights Watch wa mwaka 2022 uliona kuwa karibu tisa katika kila kumi ya programu za elimu zilizochunguzwa, katika nchi 49, zilikusanya au zingeweza kukusanya habari za watoto kwa njia zinazohatarisha haki zao. Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa mwaka huo huo, na shule zinapaswa kuijua. Akili unde nayo, iliyoenea tangu mwisho wa mwaka 2022, yaweza kumwandikia mwanafunzi insha asiyoifikiri. Na mtoto asiyefikiri insha yake amenyimwa zoezi lile lile ambalo insha iliwekwa kwa ajili yake.

Taabu hizi hazikuipata Afrika peke yake. Peru iligawa kompyuta za mtoto mmoja mmoja katika shule za vijijini, na uchunguzi uliofanywa katika shule 319 na kutolewa mwaka 2012 haukuona nyongeza katika hesabu wala lugha. Shirika la OECD lilitangaza mwaka 2015 kuwa nchi zilizotumia fedha nyingi zaidi kwa kompyuta za shule hazikuonyesha maendeleo ya dhahiri katika mitihani ya kimataifa. Sweden, tajiri na yenye umeme usiokatika, ilitenga fedha mwaka 2023 kuvirudisha vitabu vya karatasi madarasani. Jirani yetu Kenya iliahidi kompyuta mpakato mwaka 2013, ikaigeuza ahadi hiyo kuwa vishikwambi, na ikaanza kuvigawa mwaka 2016, ikikumbana njiani na maswali yale yale ya umeme, walimu na matunzo.

Karibu zaidi na sisi, katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa waliotoka Kongo, mpango wa Vodafone Foundation na UNHCR uliviweka vyombo vya mafunzo pamoja na umeme wa sola, intaneti na mafunzo ya walimu, vyote kwa mpigo. Mpango huo unastahili kutazamwa na shule zetu za mkoa kwa sababu ya ule utaratibu wake: haukumkabidhi mwalimu mashine ukaondoka.

Mvuvi wa Tanganyika aelewa jambo hili kuliko wengi wetu. Katika usiku wa giza huwasha taa juu ya maji, na dagaa huifuata nuru wakakusanyika. Lakini taa haijapata kuvua hata dagaa mmoja, maana anayevua ni mtu mwenye wavu, ajuaye saa ya kuushusha na saa ya kuuvuta. Kioo cha darasani hukusanya macho ya watoto kwa wepesi wa ajabu. Kuyageuza macho yaliyokusanyika yakawa maarifa ni kazi ya mwalimu.

Nini basi kifanywe? Mosi, vyuo vya ualimu, vikiwamo Kasulu na Kabanga vya mkoa huu, vifundishe kutunga somo kwa chombo, pamoja na kuamua ni lini chombo kizimwe; na mwalimu aliye kazini apewe mafunzo yanayorudiwa kila mwaka, pamoja na posho ya intaneti. Pili, halmashauri ziajiri fundi mmoja wa vyombo vya shule kwa kila kundi la kata, naye awe na boti pale panapohitaji boti. Tatu, mtalaa mpya ulioanza kutumika Januari 2024 uambatane na hazina ya masomo ya Kiswahili ya sauti na picha, yanayoweza kuhifadhiwa bila intaneti. Nne, redio irudishiwe heshima yake: shule zilipofungwa Machi 2020 kwa ajili ya korona, mtoto asiye na kompyuta nyumbani alikuwa na redio au hakuwa na kitu, na yamkini siku ya namna ile itarudi. Tano, kila mradi upimwe kwa swali moja tu, yaani mtoto wa dawati la mwisho amejifunza nini ambacho asingejifunza bila ya chombo hicho. Na mradi usioweza kulijibu swali hilo baada ya miaka miwili usimamishwe, fedha yake ikanunue vitabu na madawati.

Hapana sababu ya mtoto wa Gungu kunyimwa kitu chochote kizuri alichonacho mtoto wa Dar es Salaam au wa Stockholm. Na atakayesema kuwa vyombo hivi ni vya watu wengine atakuwa amemdhulumu. Lakini yuko atakayemdhulumu zaidi, naye ni yule atakayempa mashine mahali pa mwalimu, akapiga picha siku ya makabidhiano, akaondoka akidhani amekwisha kulipa deni. Deni la elimu hulipwa kila siku ya shule, na mlipaji wake wa kwanza ni mwalimu. Tumlipe mwalimu haki yake, tumfundishe, tumpe chombo kinachosema lugha ya wanafunzi wake na fundi wa kukitengeneza. Tukifanya hivyo teknolojia itakuwa rehema katika madarasa yetu, na tusipofanya, itabaki kuwa gharama tu.